Oili ya Nambari Tano

Kaloleni
11 Februari 2024

Mjomba wangu Masha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na yule jogoo wa mwenyeji wako Bwana Harith ameacha kukukimbiza uani. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Anasema kaka aliyebaki ni mmoja tu, naye akinyamaza hivi atamfanya ajione yatima uzeeni. Binti yangu Cynthia amefika gredi ya sita na ameanza kunijibu kwa Kiingereza, nami namjibu kwa mwiko.

Simu nimeacha kukupigia. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za mvua, ukanijibu habari za mbuzi, tukaishia kuagana bila kuelewana. Masikio yako ni siri yetu ya nyumbani na itabaki hapo hapo. Tuandikiane tu. Kiponda wa makuti huenda Malindi kupeleka mzigo hotelini, amekubali kuwa posta wetu, ingawa ukimtuma leo hujui atafika lini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Chama chetu cha akina mama kimenunua pikapu. Ni kuukuu, mlango mmoja unafungwa kwa kamba, lakini ni yetu, na nazi zetu hazitangoja tena gari la watu hadi ziote. Funguo nimepewa mimi kwa sababu mimi peke yangu ndiye mwenye leseni. Na tena, usicheke, kwa sababu mimi ni mpwa wa Masha wa malori.

Ngowa, fundi wa hapa stendi, mwana wa marehemu Ngumbao, ameitazama akasema oili ya giaboksi imekuwa nyeusi na ibadilishwe kabla hatujaanza kubeba mzigo. Akaniambia nimnunulie ya gia iliyoandikwa GL-4. Nimefika dukani nikakuta GL-4 na GL-5 zimepangwa bega kwa bega, bei haipishani sana, zote zimeandikwa 80W-90. Muuzaji anasema zote zinanunuliwa, nichague mwenyewe. Kitabu cha gari kilipotea zamani. Wewe umekula chumvi nyingi barabarani. Niambie ipi, maana sitaki kuchezea mali ya wenzangu.

Mpwa wako,
Gladys


Mambrui
20 Februari 2024

Mpwa wangu Gladys,

Marahaba, tena marahaba. Mwambie dada yangu asijifanye yatima wakati mimi bado nakula samaki na kuota jua. Jogoo yule tulimla siku ya wageni wa Bwana Harith, na nilipewa kipapatio chake kama fidia. Mke wa Bwana Harith, Bi Kibibi, anasema nimenenepa. Mimi nasema ni nguo zimeruka.

Hongereni kwa gari. Nilipoisoma habari hiyo nilimsomea na muuza kahawa hapa msikitini, ingawa hakuniuliza. Mpwa wangu kushika usukani! Damu haipotei.

Habari ya oili ni nyepesi, wala usingepoteza bahasha. Nne na tano, ipi kubwa? Mtoto akishafika darasa la tano utamrudisha la nne? Watu wa viwandani hawaongezi nambari kwa kujifurahisha. Ya nne ni ya zamani, ya tano imekuja kuirekebisha. Mimi nilikuwa lori likikohoa Voi, nimeshalijua tangu Mariakani, kwa hiyo nikikuambia tano, ni tano.

Ngowa ni kijana mzuri na baba yake nilimjua, lakini ufundi wake alijifunzia kwenye tuktuk. Usibishane naye. Fundi ni kama mpishi, ukimwonjea mchuzi mbele ya watu ananuna. Wewe nunua tano, umpe, aweke, muende kazini.

Nisalimie wote, na huyo Cynthia mwambie Kiingereza babu yake alikisema na Wagiriki kule bandarini.

Mjomba wako,
Masha Dzombo


Kaloleni
28 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na mvua. Huku barabara imekuwa mto na watoto wanaenda shule wamebeba viatu mkononi. Mama mgongo umemshika, analima akiwa amekaa, na ukimwambia apumzike anakuuliza nani atakayempalilia. Cynthia anakusalimu kwa Kiswahili. Mwiko umefanya kazi.

Asante kwa ushauri. Nilinunua ile ya tano, Ngowa akaiweka. Siku pikapu ilipoondoka na nazi za kwanza kwenda Mtwapa tuliimba hadi ikapotea kwenye kona. Mama Nduku, mwenyekiti wetu, alilia mbele za watu na hakuona haya.

Mjomba, gari si zima. Asubuhi likiwa baridi linakubali. Likishapata moto, nikitoka gia ya tatu kurudi ya pili linasaga meno hadi wanaoketi nyuma wanakunja nyuso. Sasa nimejifunza kusimama kabisa ndipo nitie gia. Juzi nilisimama hivyo katikati ya kilima, gari limejaa nazi, na lori nyuma yangu linapiga honi kana kwamba nimeziba mlango wa mbinguni.

Watu wamekwisha kupata wa kumlaumu. Wanasema wiki ile ile Ngowa alionekana akitia oili mpya kwenye gari la shemeji yake. Wanasema aliichukua yetu akatutilia makapi. Mama Nduku ananiuliza mimi, kwa vile mimi ndiye niliyenunua. 

Una hakika na ile tano? Nauliza tu, usikasirike.

Gladys


Mambrui
2 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa mezani kwangu kwa muda, unisamehe. Mvua iliangusha ukuta wa nyuma wa Bwana Harith na mimi ndiye niliyesimamia kuujenga upya. Mafundi wa siku hizi ukiwapa kisogo wanachanganya saruji kwa mchanga wa pwani, kisha chumvi inakula nyumba. Mwezi wa Ramadhani tulikula futari kila siku, mimi nisiyefunga nikiwa wa kwanza mkekani, na Bi Kibibi akiniuliza kila siku kama nami nimefunga. Nilikuwa najibu nimefunga mdomo. Goti linanisumbua jioni. Mwambie dada yangu achemshe mchaichai ajikande mgongo.

Ndiyo, na gari. Nadhani hiyo ni klachi. Ninyi wanawake klachi hamuiachii, mnaikanyaga kama cherehani. Au pengine ni waya wa gia umelegea. Mwambieni Ngowa aukaze.

Hebu nikuulize jambo dogo. Ulipokuwa ukiwaeleza wenzako habari za oili, jina langu ulilitaja? Si kwamba naogopa kitu. Ni kwamba watu wa Kaloleni ukiwapa kifaranga wanakiita mbuni. Kama hukulitaja, basi usilitaje.

Mlale unono.

Mjomba wako,
Masha


Kaloleni
16 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Mama amejikanda na mchaichai, anasema umemsaidia kidogo. Salamu zimetosha, maana nikichelewa nitaichana barua hii.

Si klachi. Ngowa ameshusha giaboksi na kuifungua mbele ya chama kizima, kwa sababu Mama Nduku alisema safari hii hafanyi kazi bila macho ya watu. Oili ilitoka inameta, imejaa vumbi la rangi ya dhahabu. Akatuonyesha pete za shaba zilizomo ndani. Kazi yake ni kuishika gia na kuipunguza mbio ili iingie bila kugombana. Zetu zilikwisha kuwa kuukuu, sasa zimelika hadi meno yake yamekuwa kama ya bibi kizee. Akachovya kidole kwenye ile oili, akanusa, akasema, "Hii si nne. Hii ina dawa kali ya difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Huteleza kupita kiasi, pete haziwezi kushika, na dawa yenyewe inakula shaba. Nani ametia hii?"

Kisha akanigeukia mimi. "Dada Gladys, wewe uliniletea nne, sivyo?"

Sasa nikueleze ambalo sikukueleza. Wewe uliniambia tano, na yeye alikuwa ameniambia nne. Niliona haya kumpelekea mkebe wa tano mkononi, nionekane namfundisha kazi. Nikanunua tano, nikaimimina yote kwenye dumu safi la pombe ya mnazi, nikamwambia dukani leo wanauza ya kupima. Hapa kwetu kila kitu kinapimwa na kutiwa kwenye dumu, hakushangaa. Alipokuwa akiitia alisema, "Mbona yanuka kama ya difu?" Nikamwambia oili zote za gia zinanuka. Akaniamini, mjomba. Alisema, "Haya, dada," akaendelea kumimina.

Basi aliponiuliza mbele ya watu kama nilileta nne, nikasema ndiyo.

Sijui kwa nini. Neno lilitoka lenyewe. Mama Nduku akaruka: kama Gladys alileta nne na humu imetoka tano, basi wewe ndiye uliyebadilisha ukampa shemeji yako ile nzuri! Ngowa alinitazama mimi, hakumtazama Mama Nduku. Alikuwa akingoja niseme kitu. Nikaanza kumtafuta Cynthia kwa macho kana kwamba amepotea, na yeye alikuwa shule.

Jambo limefika kwa wazee. Wameamua Ngowa ale papai, Jumamosi ya kwanza ya Julai. Wajua wewe mwenyewe kiapo hicho: kipande kinatiwa dawa, unaapa, unameza, na mwongo humganda kooni ama midomo ikamvimba mbele ya wote. Mchungaji wake amemkataza. Lakini asipokula atahesabiwa mwizi, na ni nani atakayempelekea gari mwizi? Tayari stendi hakuna anayemwita. Mkewe anapita kwangu akinisalimia kama kawaida, hapo ndipo ninapoungua.

Nataka kusema kweli. Lakini nikisimama kusema, swali la kwanza litakuwa nani aliyeniambia tano. Wewe ndiwe uliyeketi mkekani mahari yangu ilipopokewa. Siwezi kumtaja mjomba wangu mbele ya wazee bila ruhusa yake, na wewe unajua kwamba siwezi. Niruhusu. Sema neno moja tu, nami nitayasema mengine yote mwenyewe.

Kiponda anaondoka kesho. Nimemwambia asirudi bila jibu lako.

Gladys


Mambrui
23 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku tu wazima, ukuta umekamilika.

Nimeisoma barua yako na nimefikiri sana. Mimi ni mtu mzima, Gladys. Hapa Mambrui sina shamba wala ng'ombe. Nilicho nacho ni kwamba madereva wakipita hunisalimia na kuniuliza habari za magari, na Bwana Harith hunikalisha nao barazani kwa sababu hiyo. Kaloleni nako watu hunikumbuka kwa hilo hilo. Mtu akivuliwa shati uzeeni hapati la kumtosha tena.

Hebu litazame jambo hili kwa utulivu. Ngowa hana hatia, sivyo? Basi papai halimdhuru asiye na hatia. Ndivyo lilivyowekwa na waliotutangulia. Atakula, atakaa, ataondoka safi kuliko alivyokuja, na hao wanaomsema watafyata ndimi zao. Huoni kwamba kiapo kitamsafisha kuliko maneno yako? Wala hakuna atakayeaibika.

Kwa hiyo sioni haja ya kutaja majina ya watu. Ukishasoma barua hii itie jikoni iungue.

Mjomba wako


Kaloleni
14 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama anaendelea vizuri, mahindi yameanza kubeba. Barua yako sikuitia jikoni. Niliiweka ndani ya nguo siku ya kiapo nikaenda nayo.

Ngowa alikuja na shati lake la kanisani. Mkewe alikuwa nyuma yake, amefunga leso mbili, ya pili akiwa amejitanda kichwani hadi usoni. Chama kizima kilikuwepo, na watu ambao hawajawahi kupanda gari letu walikuwepo pia. Ngowa aliapa kwamba hakuiba oili wala hakuibadilisha. Akapewa kipande. Nilimtazama akitafuna. Alitafuna polepole kama mgeni aliyetiliwa chakula asichokijua na hataki kuwavunjia heshima wenyeji. Akameza, akaketi. Tukangoja. Mkewe hakuondoa macho kwenye midomo yake.

Muda wote huo nilikuwa najisemea maneno yako, halimdhuru asiye na hatia, halimdhuru asiye na hatia. Nilishika mahali barua ilipokuwa. Na kweli hakuvimba. Lakini lilimdhuru, mjomba. Mtu mzima kukalishwa mbele ya watoto wa jirani wachunguze koo lake kama la kuku anayeuzwa, hilo si dhara? Alipoambiwa ainuke hakuinuka mara moja. Alijifuta mdomo kwa kiganja, akakitazama kiganja.

Mimi nilidhani yamekwisha. Tena nilishukuru! Nilikuwa nimekwisha kujiinua niende zangu nyumbani, nipike. Ndipo mzee mmoja akasema, "Ngowa ni safi. Aliyeishika oili hii kabla ya Ngowa ni nani?" Na kisu kikaanza kukata kipande kingine.

Nilisimama nikasema yote. Usije ukadhani ni wema. Wema ungesimama kabla hajatafuna. Ni woga ulionisimamisha. Niliogopa midomo yangu.

Nikasema habari ya dumu, na ya harufu, na jinsi nilivyoulizwa nikajibu ndiyo. Wakauliza nani aliyenielekeza tano. Nikasema hakuna, nilichagua mwenyewe kwa kuona tano ni kubwa kuliko nne. Watu wakacheka. Walicheka sana, hata wazee. Kicheko kile kilikuwa chako, nikakipokea mimi.

Nilitozwa mbuzi na mnazi wa kupatanisha. Mbuzi alichinjwa. Ngowa alipewa kata ya mnazi anywe na mimi, akaishika, akairudisha kwa mkono wa kulia kwa adabu, hakunywa. Wiki iliyofuata alihama. Wanasema yuko Gede, kwenye gereji ya kando ya barabara, na mkewe amemfuata. Hapa hakuna tena wa kuifunga giaboksi yetu, imelala ndani ya gunia nyumbani kwa Mama Nduku. Nazi zinaota. Funguo nimenyang'anywa, na ni haki. Nikipita sokoni watu wananiambia, "Dada Tano, hujambo?" Cynthia amepigana shuleni kwa sababu ya jina hilo. Mama hajaniuliza kitu. Nadhani amejua, maana hakutaji tena wewe.

Jina lako liko salama. Usijisumbue kunijibu.

Gladys


Mambrui
18 Agosti 2024

Mwanangu Gladys,

Shikamoo yako safari hii sikuiitikia. Nimekaa nayo hadi Kiponda amekwenda na kurudi mara mbili mikono mitupu, na bado sijaona jinsi ya kuiitikia. Huku hakuna habari. Goti linauma, nami naona ni sawa liume.

Umesema nisijibu. Nivumilie, ni mara ya mwisho kukukaidi.

Kabla ya kukuandikia ile barua ya klachi nilikuwa nimekwisha kujua. Mwezi wa Mei nilikwenda Malindi kwenye duka la vipuri, nikamwambia muuzaji nina mafua ya masikio, aniandikie. Akaniandikia kwamba nne ni ya giaboksi ya mkono kama hiyo yenu na tano ni ya difu. Nilimshukuru, nikanywa chai hapo jirani, nikarudi nyumbani kukuandikia kwamba wanawake hamjui kuachia klachi. Na nilipokuandikia habari ya papai nilijua ninalolifanya. Nilipokuwa nikiandika nilifunga mlango, na nyumba nzima nimo peke yangu.

Sijapata kutia oili kwenye giaboksi maisha yangu yote. Kampuni ilikuwa na mafundi wake. Mimi nilikuwa nikiingia yadi namtupia mtu funguo na kwenda kula. Nilikuwa dereva mzuri, hilo si uongo. Lakini uliponiuliza nne au tano, jibu langu lilikuwa sijui. Lingeenea kwenye kipande cha karatasi cha ukubwa wa kucha. Nikaona haya kumwandikia mpwa wangu mwenyewe, aliyenisifu. Kwa haya hiyo moja umeitwa Dada Tano, na mtu amelishwa kiapo.

Uliposema hakuna aliyekuelekeza, nilishukuru kwanza. Nakuambia hivyo ujue mjomba wako alivyo. Nililala vizuri siku hiyo. Kesho yake Bwana Harith alileta dereva kijana barazani aniulize jambo la gari lake, na kila nilipofungua kinywa nilisikia kicheko ulichokisema. Nikamwambia sijui. Bwana Harith alidhani natania.

Alhamisi iliyopita nilikwenda Gede. Sikumwambia mtu. Nikaikuta gereji, nikaona miguu miwili imetokeza chini ya lori, nikajua ndiye kwa vile miguu ya Ngumbao ilikuwa vivyo hivyo, vidole vimeachana. Nikangoja hadi akatoka. Alinitambua. Akanifutia kiti kwa shati lake, mimi, nikakataa kuketi.

Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyesema tano. Gladys amekuficha jina langu na amewaficha wazee. Nilijua huna hatia, na nikamwambia akuache ule." Nadhani nilisema kwa sauti kubwa mno, maana wewe wajua sijisikii. Gereji nzima iligeuka. Aliyekuwa akichomelea aliacha, akavua miwani yake. Nikaona haya ambayo sijapata kuiona, nami nikaendelea hadi nikamaliza.

Halafu Ngowa akaanza kusema.

Alisema kwa muda mrefu, Gladys. Alionyesha upande wa Kaloleni, akajigusa kifuani, akainua vidole viwili, sijui vya nini. Mara moja nilidhani anatabasamu, lakini alikuwa ameelekea jua. Lori lilikuwa linanguruma, au pengine halikuwa, kwangu ni mamoja. Sikusikia hata neno. Ningeweza kumwambia. Watu wote wale walikuwa wananitazama, nami nilikuwa nimekwisha kuvuliwa shati, nikashindwa kuvua na hilo la mwisho. Nikawa naitikia kwa kichwa kama ninavyoitikia kila mahali.

Akamaliza. Akanitazama, akaniuliza kitu. Nilijua ni swali kwa jinsi alivyoinua nyusi na kungoja. Nikasema, "Ndiyo. Ndiyo."

Akainamisha kichwa, akasimama hivyo kidogo. Kisha akarudi chini ya lori.

Sijui nimesema ndiyo kwa jambo gani. Pengine aliniuliza kama namwomba msamaha. Pengine aliniuliza kama hata wewe ulikubali ale. Nimeyapima maneno yote anayoweza kuniuliza mtu yule, na mengi kati ya hayo hayafai kuitikiwa ndiyo.

Nenda Gede, mwanangu. Si kwa ajili yangu tu, najua nawe una lako la kumwambia. Ukifika mwambie mjomba wako ni kiziwi, hakusikia alichoambiwa, na aliona haya kusema. Mwambie mbele ya hao wengine pia. Kisha umwombe akuulize wewe lile swali, uniandikie.

Nitalijibu.

Masha